Mlango wa Mwajuma

Ukiulizwa katika mtihani kuhusu Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, jibu unalo kabla hujamaliza kusoma swali: ndoa ya kulazimishwa, ukoloni, ubaguzi wa rangi, harakati za akina Denge. Yote yamo. Lakini tulipoisoma sisi watatu hapa Bujumbura, nakala moja kwa zamu na mazungumzo kila Jumamosi, tulikwama kwa mhusika ambaye daftari zetu zilimpa mistari miwili tu. Naye ni Mwajuma.

Kwa ambaye hajaisoma: riwaya ilitoka mwaka 1999, na inaturudisha Unguja ya wakati wa Mwingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa miaka 52. Anamkimbia. Jamaa zake hawamtaki tena. Anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo, mtaa wa walalahoi uliokuwa upande wa pili wa mkono wa bahari, ukitazamana na Mji Mkongwe.

Ubishi wa kwanza ulikuwa wa neno. Mwajuma na Yasmin wanaitana shoga. Mwenzetu aliyezaliwa Buyenzi, ambaye Kiswahili kwao ni cha jikoni na cha uani, alicheka mpaka akafunga kitabu, maana neno hilo mtaani siku hizi lina maana nyingine kabisa. Mwenzetu wa Ngozi, aliyekipata Kiswahili darasani, akafungua kamusi: jina waitanalo wanawake walio marafiki. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwetu tunasema umugenzi." Ndani ya neno hilo la Kirundi mna kugenda; rafiki ni yule mnayekwenda naye.

Jumamosi iliyofuata ndiye aliyetuvuruga. Sisi wawili tulikuwa tunamsifu Yasmin kwa uthubutu wake. Yeye akasema Yasmin hakuthubutu lolote la ajabu, alikuwa na bahati.

"Bahati gani, dada? Kaozwa mzee!"

"Bahati ya Mwajuma. Wewe ukikimbia leo, usiku wa kwanza utalala wapi?"

Tulimjibu kwa maneno ya darasani, ukombozi wa mwanamke na mengineyo, na hakuna lililomfikia. Baadaye ndipo tulipojua kwamba nyumbani kwao inkwano ilikuwa imeshaanza kuzungumzwa. Mwanamume si mzee, wala si mtu mbaya, alisema. Yeye alitaka kumaliza masomo kwanza, na hakuna aliyemwuliza. Majuma matatu sisi tulikuwa tukimjadili Yasmin, na mwenzetu alikuwa akijizungumzia mwenyewe.

Tangu hapo nilimsoma Mwajuma upya. Darasani tulimwandika "mpenda starehe", tukasonga mbele. Ni kweli, anapenda taarabu na anapenda kucheka, na heshima ile inayotafutwa na watu wa barazani haimshughulishi. Lakini tazama nani alikuwa na mlango wa kufungua. Jamaa za Yasmin walikuwa na nyumba, na walikuwa na jina la kulinda, kwa hiyo mlango wao ulifungwa. Mwajuma ni maskini, na hana wa kumwomba ruhusa. Naona mwandishi alilijua hilo vizuri. Wahusika wenye heshima katika riwaya hii hawamsaidii sana mtu aliye taabuni. (Denge namweka kando; yeye anasaidia nchi nzima, na pengine ndiyo sababu mtu mmoja mmoja humsubiri sana.)

Nilipoyasema haya, mwenzetu wa Buyenzi hakuniunga mkono wala hakunipinga. Alimgeukia yule wa Ngozi, akamwambia chumba chao cha nyuma kina vitanda viwili, na kimoja hakilaliwi na mtu. Akaongeza kwamba mama yake huuliza maswali mengi, lakini huyauliza asubuhi.

Yule mwingine hakujibu. Alirudi kwenye ukurasa tuliokuwa tumefikia, akaanza kutusomea kwa sauti, polepole, akikosea lafudhi ya Unguja kama sisi sote.

Likizo ilipofika alikwenda Ngozi na kitabu, ingawa zamu ilikuwa yangu. Sijamdai.