Kisahani Kinachoufaa Mkono



Kijana mmoja wa parokia yetu aliyeko masomoni Marekani ametuandikia akiuliza anunue kisahani gani cha kumalizia katika gofu ya visahani. Swali lake limetukumbusha aibu yetu wenyewe.

Kwa wasioujua mchezo huu: badala ya kupiga mpira kwa fimbo, mchezaji hurusha kisahani cha plastiki, na badala ya shimo kuna kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia. Uwanja wake wa kwanza wa kudumu uliwekwa mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, California, kwa juhudi za Ed Headrick. Kila mrusho huhesabiwa, na mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Kwa hiyo mrusho wa mita tano una thamani sawa na ule wa mita mia moja, na hapo ndipo kisahani cha kumalizia kinapompandisha au kumwangusha mtu.

Nasi tulipokuwa masomoni huko, tulimhusudu mwanafunzi mwenzetu aliyemaliza kwa ustadi mkubwa. Tukanunua kisahani kama chake, kigumu na chepesi kuponyoka vidoleni, tukaiga mrusho wake. Ila hatukumwambia mtu kwamba kifundo chetu cha mkono kiliwahi kuvunjika, tulipoanguka na pikipiki tukielekea kigangoni. Kisahani kilipita kando ya kikapu na kutua mbali. Tukasingizia upepo, kisha tukakilaumu kisahani, tukanunua vingine viwili.

Siku moja mzee mmoja mchezaji alituambia, "Padre, kabla hujasema unataka kununua nini, nionyeshe unavyorusha." Tulirusha mara kumi, kikaingia kimoja. Akauliza kwa upole, "Mkono huo uliumia lini?"

Ndipo akatufafanulia. Wako wanaomaliza kwa kuzungusha: kifundo cha mkono na vidole hukipa kisahani mzunguko mwingi, nacho huenda kwa kasi, karibu katika mstari ulionyooka. Mrusho huu hustahimili umbali, lakini ukikosa, kisahani huweza kupitiliza mbali. Wengi wa hao hupenda kisahani kinachoruka bila kupinda na kuachia vidole upesi. Wako pia wanaomaliza kwa kusukuma: miguu hutoa nguvu, mkono hupanda kuelekea kikapu, kifundo hakifanyi kazi kubwa. Kisahani hupanda kidogo na kushuka taratibu. Kikikosa, mara nyingi huanguka karibu. Wengi wa hawa hupendelea ukingo wenye kina unaojaza kiganja, na plastiki laini isiyoruka ovyo inapogonga minyororo. Hata hivyo, si amri: upepo hukisumbua kisahani kinachokwenda polepole, na plastiki laini hulegea zaidi juani. Mwisho wa yote, kiganja ndicho kinachoamua.

Mzee alitupa kisahani chake kikuukuu, kilaini, cha gramu 175. Tulianza upya mita tatu kutoka kikapuni, kama watoto. Muhula ulipokwisha, mita tano hazikututisha tena. Mita kumi zilitushinda, na zinatushinda hadi leo.

Basi, mwanetu, usianze kwa kuuliza bingwa anatumia kipi. Rusha mara hamsini mbele ya mtu asiyeona haya kukuambia ukweli. Ukishajua kama unazungusha au unasukuma, shika visahani kadhaa dukani, chagua kimoja, kisha nunua viwili au vitatu vya aina hiyohiyo, ili mkono usijifunze upya kila siku. Na kama una jeraha, litaje mapema. Sisi tulilificha mwaka mzima, na kila aliyetutazama tukirusha alikwisha kuliona.

Tunawatakia juma jema.