Vituta vya Mlangoni mwa Jikoni

Niliajiriwa kufagia. Kituo cha afya kilichonichukua kule Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, kilikuwa na uwanja mpana, na kazi yangu ilikuwa kuuweka safi, kupogoa ua na kumwagilia maua ya mbele ya ofisi: mawaridi, kana nyekundu, bogenvilia zilizopanda mpaka kwenye mabati. Ilikuwa miaka ile iliyofuata Novemba 1996, waasi wa ADF walipotoka upande wa Kongo na kushambulia Mpondwe na Bwera. Jamaa wengi wa milimani walikuwa wameshuka wakaishi kwa kubanana, mashamba yao yakabaki juu bila mtu wa kuyapalilia. Watoto walioletwa kwetu walikuwa na miguu iliyovimba na nywele zilizopauka, nao walikuwa wamenyamaza kwa namna ambayo mtoto mzima hanyamazi.

Muuguzi wa wodi ya lishe ndiye aliyenitoa kwenye ufagio. Alinikuta nikipalilia kana akasema, "Dada, mkono wako unaotesha. Hebu nilimie na kitu cha kuingia sufuriani." Akanionyesha kipande cha ardhi nyuma ya jiko, penye majivu na vipande vya vyungu. Kutokea siku hiyo mpaka nilipostaafu, bustani ile ndiyo ilikuwa kazi yangu, na wanafunzi wangu walikuwa akina mama waliolazwa na watoto wao.

Tulifundisha kitobero, kama kilivyofundishwa tangu miaka ya 1960 katika kituo cha Mwanamugimu pale Mulago, Kampala. Unachukua chakula cha nguvu, tuseme ndizi au kiazi, unatia maharage au karanga zilizotwangwa, unatia dagaa wa mukene waliosagwa au yai, unatia mboga ya majani, unavifunga pamoja katika jani la mgomba na kuvipika kwa mvuke. Mtoto akianza kukila vizuri, uvimbe unashuka, anaanza kulia tena, halafu anaanza kucheza. Hakuna dawa niliyowahi kuiona ikinifurahisha hivyo. Mimi nilichoona tangu mwanzo ni kwamba, ukitoa mukene, kila kitu ndani ya jani lile kinaweza kutoka uani kwa mtu.

Hilo nililiona wodini. Nilipoanza kufuatana na muuguzi kuwatembelea watoto walioruhusiwa kwenda nyumbani, niliona jambo jingine, na ndilo lililoniongoza kazini tangu hapo. Tulikuta nyumba zenye kahawa kwenye mteremko, pasheni zimetambaa juu ya nguzo, nyanya zimepangwa ndani ya makreti zikingoja siku ya soko Mpondwe. Ndani, mtoto yule yule tuliyemtibu alikuwa anakula obundu, ugali wa muhogo, kwa maji ya maharage na chumvi ya Katwe. Chakula kilikuwepo, ila kilikuwa njiani kwenda sokoni. Mto Lhubiriha ndio mpaka wetu, na ng'ambo yake, Kasindi, wanunuzi hawakosi. Tunasemezana nao Kiswahili na Lukonzo, maana Wanande wa kule na Wakonzo wa huku ni ndugu. Chochote chenye bei kinavuka. Ada za shule zinadaiwa, daftari zinadaiwa, na nyanya inayokwenda sufuriani nyumbani huonekana hasara.

Sikuwahi kuwalaumu akina mama wale, wala sikukubali waliposemwa kwamba hawajui. Walijua. Mama anapanda kilima alfajiri kwenda shambani, anarudi jua linazama, kuni mgongoni, mtoto kifuani. Ukimwambia apande tena kilima kuchuma dodo, mchicha wetu, unamwambia jambo ambalo wewe mwenyewe usingelifanya. Mboga iliyo mbali na jiko haitaliwa na mtoto mdogo. Itaiva, itauzwa, au itazeeka shambani. Kwa hiyo nikaacha kufundisha "bustani" kwa jumla, nikafundisha vituta viwili au vitatu mlangoni mwa jikoni, mama avifikie huku maji ya ugali yanachemka.

Bwera ina miteremko, na mvua zake za Machi hadi Mei, kisha zile za Agosti hadi Novemba, hushuka kwa nguvu. Ukilima uani bila kuzuia maji, msimu wa pili unalima mawe. Mabwana shamba walikuwa wanafundisha fanya juu kwenye mashamba makubwa: unachimba mtaro kukata mteremko na udongo wake unautupa upande wa juu, unakuwa tuta la kuzuia mmomonyoko. Mimi niliuleta mtaro huo uani kwa udogo wake, upana wa jembe tu, na juu ya tuta nikapanda mchaichai. Mizizi yake inashika udongo na majani yanakwenda kwenye chai, hivyo hakuna mwanamume aliyeung'oa.

Kituta chenyewe kiwe na upana ambao mkono unafika katikati kutoka kila upande, ili mguu usikanyage ndani. Samadi ya mbuzi iliyokaa mpaka ikapoa. Matandazo ya majani makavu ya mgomba. Uzio wa miti na miiba, kwa sababu kuku mmoja anamaliza kitalu asubuhi moja. Maji ya kuoshea mboga na vyombo hayamwagwi njiani, yanamwagwa kituteni. Mgomba unapandwa panapotoka maji ya bafuni, na pembeni yake, penye unyevu mwaka mzima, tunahifadhi marando ya viazi vya njano mpaka mvua zirudi. Viazi hivyo mimi navisifia bila kusita, kwa maana vina vitamini A ambayo kiazi cheupe hakina, na watoto hawahitaji kubembelezwa kuvila.

Dodo ndiyo mwalimu wa kwanza. Mbegu zake ni ndogo mno. Changanya na mchanga mkavu ndipo usie, na baada ya wiki tatu au nne unachuma. Sukumawiki unaichuma jani kwa jani, miezi na miezi. Nakati inataka subira kidogo. Ntula, yaani nyanya chungu, ukiupunguza mmea vizuri, unazaa msimu hadi msimu. Boga mimi hulipandisha juu ya paa la choo, majani yake tunakula, maua yake yanaita nyuki. Na mboga zote hizo nilisisitiza zitiwe mafuta kidogo, maana bila mafuta vitamini A haiingii mwilini sawasawa. Hapa tuna bahati: mawese ya Kongo yanafika sokoni kila mara, nayo yenyewe yana utajiri huo huo ndani ya wekundu wake.

Maua sikuyaacha. Wapo waliotaka niyang'oe ili mboga zipate nafasi, nikakataa, na mpaka leo naamini nilikuwa sahihi. Mitegeti yenye harufu kali niliipanda kati ya nyanya, kwa kuwa mizizi yake inapunguza minyoo fundo ardhini. Utupa niliupanda mpakani kwa ajili ya fuko. Kivumbasi karibu na dirisha, kwa ajili ya mbu. Lakini kuna faida nyingine: penye maua watu husimama. Mpita njia anasimama, anauliza, anaondoka na mche. Bustani nyingi za kijiji chetu zilianza hivyo, kwa mtu aliyesimama kutazama zinia.

Kwenye mululuza, ule mmea mchungu wa dawa, nilikuwa mkali. Mmea ninao, najua bibi zetu waliuchemsha kwa ajili ya homa, na mtu mzima akitaka kuunywa sitamzuia. Mtoto mwenye homa apelekwe akapimwe malaria siku hiyo hiyo. Nimewaona walioletwa wamechelewa.

Baada ya kustaafu nilihamia Kasese mjini kwa wanangu. Huku ni joto, na mvua ni chache kuliko milimani. Mto Nyamwamba ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, ukabeba nyumba, ukapiga hospitali ya Kilembe, ukaacha mawe na mchanga kila mahali. Majirani waliuona mchanga ule laini wakatamani kuujaza kwenye magunia ya mboga. Niliwasihi wasifanye hivyo. Mgodi wa Kilembe ulichimba shaba tangu miaka ya 1950 hadi 1982, na mabaki yake yalirundikwa karibu na mto. Watafiti walipopima udongo na mboga za bonde lile walikuta shaba na kobalti kwa wingi. Udongo wa gunia la mboga tunautoa mbali na mto, hata kama tunaulipia usafiri.

Miaka ile ya 2019 na 2020 ilithibitisha lile nililokuwa nikilisema. Juni 2019 Ebola ilivuka kutoka Kongo ikafika hospitali ya Bwera, na siku za soko zikasimamishwa Kasese. Mwaka uliofuata ikaja Korona, mpaka ukafungwa kwa wasafiri. Walioweka kila kitu kwenye nyanya walibaki na makreti yasiyovuka, na nyanya peke yake haimshibishi mtoto. Wenye vituta mlangoni walichuma kama kawaida. Watu walianza kunijia uani, wengine kwa miguu kutoka mbali, wakitaka mbegu.

Sasa ninaotesha miche na kuiuza, ndani ya vikopo nilivyosokota kwa maganda ya mgomba. Wateja wangu wengi wanataka nyanya na pilipili za kuuza Kongo, nami nawauzia kwa moyo mmoja, kwa kuwa fedha inahitajika. Lakini kila anayechukua miche ya nyanya nampa na mbegu za dodo bure, halafu namuuliza jiko lake liko wapi na kituta kitakaa wapi. Akisema kitakaa ng'ambo ya kilima, ninamvutia kiti, tunaanza mazungumzo upya.