Mikono Inayotetemeka

Huko Geita mchenjuaji wa dhahabu huichoma zebaki motoni, na mvuke wake, akiuvuta kwa miaka, humtetemesha mikono. Mfikirie tabibu kijana, mwenyeji wa Shinyanga, anayempokea zahanati: naye mikono inamtetemeka. Sababu yake ni lithiamu, chumvi ambayo daktari John Cade wa Australia aliandika mwaka 1949 kuwa hutuliza akili iliyopaa kupita kiasi. Mgonjwa huyaeleza yake bila haya. Tabibu husingizia kahawa. Kay Redfield Jamison, wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, aliyafichua maradhi kama hayo kitabuni mwaka 1995, na kazi haikumtoka. Lakini yeye alikwisha kuwa profesa. Kijana huyu yumo katika kipindi cha majaribio, na vidonge vyake huvificha ndani ya soksi.