Walinzi wa Mambo Madogo

Mtu ajuaye mambo madogo ya mchezo wa kubuni huchekwa na wenye elimu. Huulizwa itamfaa nini kukumbuka kuwa Doctor Who, mchezo wa televisheni juu ya mzee wa ajabu asafiriye katika nyakati na sayari, ulianza kuonyeshwa Uingereza tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya kuuawa Rais Kennedy. Au kuwa wiki iliyofuata sehemu ya kwanza ilirudiwa kabla ya kuonyeshwa ya pili. Swali hilo lastahili jibu.

BBC, iliyoutengeneza mchezo huo, haikuuhesabu kuwa hazina. Kanda za picha zilikuwa ghali, na mapatano na waigizaji yalizuia marudio mengi. Basi kanda zilifutwa zikatumiwa tena, na nakala nyingi za filamu zikatupwa. Katika sehemu 253 zilizoonyeshwa kati ya 1963 na 1969, zaidi ya 90 zilipotea picha zake.

Lakini sauti ya kila sehemu iliyopotea imesalia. Watazamaji waliokaa majumbani na vinasa sauti vyao waliyanasa maneno na muziki mchezo ulipokuwa ukionyeshwa. Hawakutumwa na mtu, wala hawakulipwa. Mwaka 1996 vipande vifupi vilivyokatwa na wakaguzi wa Australia kwa kuwa vilitisha, vilionekana katika nyaraka za taifa hilo: mkasi ukawa umehifadhi kilichotupwa na ghala. Mwaka 2013 ilitangazwa kuwa sehemu 9 zimepatikana Jos, Nigeria. Wapenzi walizitambua mara moja, kwani kwa miaka mingi walikuwa na orodha ya kila kilichokosekana.

Ni kweli kwamba kukumbuka tarehe si kufahamu maana, na mpenzi huweza kujaza kichwa hesabu asipate hekima. Lakini hekima nayo haina la kufanyia kazi palipofutwa kila kitu. Msomi hupima thamani ndipo ahifadhi. Mpenzi huhifadhi kwanza, akawaachia wajao kupima. Hakuna kizazi kijuacho ni kipi katika vitu vyake kitakachoulizwa na kizazi kifuatacho. Kwa hiyo amchekaye mlinzi wa mambo madogo na akumbuke kuwa akiba haiozi.