Begi, Mlima na Mshono Wangu

Mwezi huu nilitakiwa nikupe jibu jepesi tu: je, begi la mgongoni la lita 25 linafaa kwa wapenda milima? Nikasema sawa, nitalijaribu Uluguru, milima inayotupa mto Ruvu na maji ya mabomba yetu ya Dar. Kumbe begi nalo lilikuwa na la kwake la kunijaribu.

Jumamosi asubuhi tukapanda treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro mwaka 2024, mimi na baba mtoto. Mwanetu wa miezi saba tulimwacha kwa bibi yake. Ilikuwa siku ya kwanza ya peke yetu tangu nijifungue, na kusema ukweli tulikuwa tumeanza kuishi kama wapangaji wawili wanaochangia jiko.

Nilipakia kilo sita: maji lita tatu, chakula, sweta na kanga. Vizito nikaviegemeza mgongoni, maana vikikaa mbali vinakuvuta nyuma. Njia ya kwenda Morningside, kwenye jengo la zamani la Wajerumani, inaanza kwa upole, halafu inakusimamia wima. Nilianguka mara mbili, begi likasugua jiwe, likapata mkwaruzo tu. Mishono ya mabegani, ambako mabegi ya bei poa huachia kwanza, haikutoka hata uzi. Zipu ya mbele ilipoingia tope iligoma. Mvua ya robo saa nayo ikapenya kwenye matundu ya sindano, sweta likalowa.

Sasa mkanda wa kiunoni. Kazi yake ni kutoa uzito mabegani na kuupeleka kwenye nyonga, na kwa wengi hiyo ndiyo raha yenyewe. Kwangu, kila uliposhuka kidogo, ukingo wake ulisugua mshono wa upasuaji. Nikafungua, nikafunga, nikanyamaza.

"Mbona umenuna?" mwenzangu akauliza, yuko mbele huko.

"Sijanuna."

Akapita mama mmoja anashuka na mkungu wa ndizi kichwani, kandambili miguuni, hatelezi hata kidogo! Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia huku akiutazama mkono wangu uliokuwa umeshikilia mkanda.

"Mwanangu, ulijifungua kwa kupasuliwa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi usijifunge hapo. Na huyu bwana amebeba nini?"

Bwana alibeba kamera. Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Mama alipopotea kwenye migomba akaniuliza taratibu, "Bado panauma?"

Miezi saba, shosti, sikuwahi kumwambia. Niliona aibu, eti wenzangu wanapona wiki sita tu. Yeye kila nikimgeuzia mgongo usiku alijua nimemchoka. Tulikaa juu ya jiwe tukayasema yote hayo, tena kwa sauti, mwongozaji wetu akajifanya anatafuta ndege juu ya miti.

Kileleni Bondwa hatukufika. Mkanda tuliuchomoa, baba mtoto akashuka na chupa mbili za lita moja na nusu, moja kila mkono. Kwa kilo tatu zilizobaki, begi lile ni zuri sana mabegani. Ukinunua, hakikisha mkanda wake unachomoka, na zipu uioshe siku hiyohiyo. Yangu niliiacha hadi Jumatatu, mpaka leo inafunguka nusu.