Gari inayozima ikisimama: tuulize kabla ya kununua

Gari ikizima kila inaposimama, mara nyingi ugonjwa wake ni mdogo kuliko bei tunayotajiwa. Nasema hivi sababu nyumbani kwetu, hapa Himbi, tulikuwa karibu kutoa dola 120 kwa pompi mpya ya esansi. Feza hiyo ilikuwa minervali ya watoto wawili.

Gari yetu ni ya zamani, inatumia esansi, na usukani wake uko kuume kama wa magari mengi ya Goma. Mchana baba watoto anafanya nayo kazi. Usiku, jirani akishikwa na uchungu, ndiyo inayompeleka materniti. Basi ikaanza tabia: njiani inakimbia vizuri, lakini ukiondoa mguu kwenye mafuta ili usimame, moteri inatetemeka na kuzima. Usiku mmoja ilizima mara tatu kabla ya kupita ronpwe ya Signers, na nyuma alikaa mama mmoja aliyekuwa karibu kuzaa. Tulifika, na mtoto ni mzima. Lakini tangu usiku ule nilijua kwamba moteri si shauri la wanaume peke yao.

Garajini tuliambiwa: “Pompi imekufa.” Darasani ninawafundisha watoto waangalie kwanza kitu kinafanya nini, ndipo wajibu. Nikamuuliza fundi: “Fundi, kama pompi imekufa, mbona gari inapanda Munigi na watu watano bila kuchoka?” Maana mlimani ndipo moteri inakunywa esansi nyingi, pompi dhaifu ingeshindwa huko kwanza. Alinyamaza kidogo, akacheka: “Haya Mwalimu, basi tuangalie hewa.”

Moteri inaishi kwa vitu vitatu: esansi, hewa, na cheche za buji. Ukikanyaga mafuta, kuna kibati cha mviringo, mafundi wanakiita papiyo, kinafunguka na hewa inaingia kwa wingi. Ukiondoa mguu, kibati kinafungika karibu kabisa, na hewa inabaki na kijia chembamba tu cha kupitia. Kule kuzunguka polepole ndiyo ralanti. Masizi yakiziba kijia hicho, moteri inakosa pumzi. Ni kama mbabula: majivu yakijaa chini, makala yanazimika hata kama ni mazuri.

Kwa hiyo tulianza na vitu vya bei ndogo, kimoja kimoja. Kwanza filtri ya hewa: yetu ilijaa vumbi jeusi la mawe ya volkano, lile tunalofuta kila siku juu ya meza. Pili mipira ya hewa: ikipasuka, inapiga mluzi “sss” na ralanti inayumba. Yetu ilikuwa mizima. Tatu papiyo na kijia chake: fundi alifungua, kukawa kweusi kama chini ya sufuria. Akazima moteri, akangoja ipoe, akasafisha kwa dawa yake ya kupuliza na kitambaa laini. Nne buji: alizitoa, akazikuta bado nzuri. Filtri mpya, dawa na kazi yake, vyote vilikuwa dola 25. Jioni gari ilisimama ikiunguruma polepole mbele ya parseli yetu, na haikuzima. Pompi ni ile ile ya zamani mpaka leo.

Kuna mengine ya kuangalia. Esansi ya chupa za njiani inaweza kuwa na maji. Tia kidogo katika chupa nyeupe, uiache itulie: maji yatakaa chini. Fanyia jambo hilo mbali na mbabula na mbali na watoto. Tena, fundi akikaza tu visi ili ralanti ipande, gari haitazima, lakini uchafu umebaki ndani, na esansi itaisha haraka.

Na hili tulishike sana: tusiwashe gari ndani ya garaji iliyofungwa, hata kama ni kuijaribu tu. Sisi watu wa Goma tunajua mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala penye mabonde, inaua bila kuonekana. Moshi wa gari nao una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Milango iwe wazi, na watoto wasilale karibu.

Siyo kila gari itapona kwa kusafishwa. Pompi zinakufa kweli, na fundi mwema anastahili malipo yake. Lakini kabla ya kugusa feza ya likelemba au ya masomo, tumuulize maswali matatu: Inazima wakati gani hasa? Umeangalia nini tayari? Unaweza kunionyesha kitu kilichoharibika? Fundi anayejua kazi hachukii maswali hayo. Wetu sasa ananiita nje ya parseli, ananionyesha kila anachofungua, na wasichana wangu wawili wanasimama pembeni wakitazama.