Kuruka Si Kazi, Kazi ni Kumpokea Aliyeanguka



Mwezi huu sishiki kalamu ili kutoa mawaidha, kwani wapo wenye elimu kunizidi waifanyao kazi hiyo katika kurasa hizi. Nashika kalamu ili kukiri kosa. Kosa lenyewe nililitenda kwa mikono yangu, barabarani mbele ya nyumba yangu hapa Lackawanna, na lau si rehema ya Mwenyezi Mungu, leo hii ningekuwa nasukuma kiti cha magurudumu cha mwanangu.

Kwanza niwarudishe Unguja. Mimi ni mtoto wa Mji Mkongwe, na jioni zangu nyingi za utotoni zilipita Forodhani. Mgeni afikaye pale leo huwakuta vijana waitwao makachu wakitimua mbio na kujirusha baharini kutoka juu ya ukuta, huyu akipinduka hewani, yule akijikunja kama kamba wa baharini, na watu wakipiga makofi. Sisi nasi tuliruka vivyo hivyo, bila ya makofi wala kamera. Wazee walitukataza, nasi tuliruka. Lakini asidhani mtu kwamba mchezo ule haukuwa na elimu yake. Wakubwa wetu waliyajua maji. Walijua saa ya kujaa na saa ya kupwa, walijua palipo na jiwe, na mdogo aliyetaka kuruka maji yamekupwa alishikwa mkono akarudishwa nyuma.

Siku moja mwenzetu mmoja hakushikwa mkono. Aliruka maji yakiwa haba, akapiga kichwa chini. Sote tulimkimbilia. Huyu alishika mkono, huyu mguu, tukamburuta hadi ngazini, tukamketisha, na mmoja wetu akawa anamtikisa kichwa ili azinduke. Tulifanya hayo yote kwa mapenzi. Roho yake ilipona, lakini miguu yake haikumbeba tena. Kwa miaka mingi niliamini kwamba kilichomwangamiza ni ule mruko, na mruko peke yake.

Sasa nije huku tuliko. Wasomaji wetu wa Louisville na Columbus huenda wasiufahamu mji huu. Lackawanna umepakana na Buffalo, kando ya Ziwa Erie. Ulikuzwa na kiwanda cha chuma cha Bethlehem, ambacho kiliwavuta wafanyakazi wa mataifa mengi, wakiwemo ndugu zetu Wayemeni ambao misikiti yao imetupokea sisi tuliokuja nyuma. Uyeyushaji wa chuma ulisimama mwaka 1983. Hapa hapana ukuta wa Forodhani, na ziwa lenyewe wakati wa baridi hugeuka barafu. Hata hivyo, mtoto mwenye damu ya kuruka hakosi pa kurukia. Mwanangu alianza na ubao wa magurudumu, akaingia katika baiskeli ndogo za kurukia matuta, kisha klabu ya shule ikampeleka Holiday Valley, huko Ellicottville, akajifunza kushuka mlima wa theluji akiwa amesimama juu ya ubao. Kila aliporudi na goti lililochunika nilimkumbusha aya ya 195 ya Surat al-Baqara, inayotuonya tusijitie wenyewe katika maangamizo. Nilimwambia, “Hatukukuleta Marekani uje uvunje shingo.”

Basi jioni moja ya kiangazi nilisikia kishindo nje. Alikuwa amejitengenezea tuta la mbao na matofali, baiskeli ikamtupa. Nilipofika alikuwa amelala chali, macho wazi, akaniambia kwa sauti ndogo, “Baba, subiri. Shingo.” Sikusubiri. Nilimwinua kifuani kwangu kama nilivyokuwa nikimwinua alipokuwa na miaka miwili, nikamwingiza garini, nikaendesha. Sikupiga simu ya 911. Nilikwisha kusikia jinsi bili ya gari la wagonjwa inavyoweza kumsumbua mtu mwezi baada ya mwezi, na pia, niseme ukweli, niliona haya kuwaita watu wa serikali mlangoni kwangu.

Hospitali walimpiga picha. Mtulinga ulikuwa umevunjika, na pingili moja ya shingo ilikuwa na ufa, lakini haikuhama mahali pake. Daktari aliuliza nani aliyemwinua. Nilijibu kwa fahari kwamba ni mimi. Alinyamaza kidogo, kisha akaendelea kuandika. Sikuielewa ile kimya yake.

Mtulinga uliunga, na shingo ikapona, alhamdulillahi. Nilidhani mtoto amekoma. Hakukoma. Majira ya theluji yaliyofuata alirudi mlimani, na baada ya miaka miwili akaja kuniambia kwamba amejiandikisha katika darasa la wahudumu wa tiba ya dharura, wale wapandao magari ya wagonjwa, ambao hapa huitwa EMT. Wenzake wawili wa mlimani wamejiandikisha pamoja naye. Nilikasirika. Nilimwambia kwamba amechoka kuitafuta hatari yake mwenyewe, sasa anakwenda kuitafuta ya watu wengine.

Akanieleza alikoyatoa mawazo hayo. Kule mlimani wapo watu wenye makoti mekundu yenye msalaba mweupe, nao ni wanadoria wa theluji. Wengi wao hawalipwi. Ni wachezaji kama wengine, ila wamesomea huduma ya kwanza, na mtu akianguka humfunga katika machela na kumshusha. Chama chao, National Ski Patrol, kina asili yake. Mwaka 1936 mtu mmoja aitwaye Charles Minot Dole alivunjika kifundo cha mguu katika mlima wa Stowe, jimbo la Vermont. Hapakuwa na mtu wa kumsaidia kwa ujuzi, ikabidi rafiki zake wamteremshe juu ya bati la kuezekea. Mmoja wa rafiki hao, Frank Edson, alikufa miezi michache tu baadaye kwa ajali katika mashindano ya mchezo huo huo. Dole angeweza kupiga marufuku kwake na kwa wanawe. Badala yake alikusanya wapenzi wa mchezo, wakafunzwa, na mwaka 1938 chama kikaanzishwa. Mwanangu aliponisimulia kisa hiki nilinyamaza, lakini moyo wangu ulikuwa bado mgumu.

Uligeuka usiku mmoja sebuleni. Alikuwa na mtihani wa vitendo, akahitaji mgonjwa wa kufanyia mazoezi, na mamake ana kazi ya usiku. Akaniomba nilale juu ya mkeka. Kabla hajanigusa alisimama mbali, akatazama huku na huku, akasema kwa sauti, “Mahali hapa pana usalama.” Nikamuuliza anaongea na nani. Akanijibu kwamba hilo ndilo sharti la kwanza, kwa sababu mwokoaji anayejitosa bila ya kutazama huwa majeruhi wa pili, na mwanafunzi asiyelihakikisha jambo hilo huangushwa mtihani hata kama mengine yote ameyapatia.

Ndugu zangu, nilikuwa nimempigia kelele miaka kumi ili atazame kabla ya kuruka. Darasa hili lilimfunza katika mwezi mmoja.

Kisha alipiga magoti nyuma ya kichwa changu, akakishika kwa mikono miwili, kila kiganja upande wake, akasema, “Baba, usigeuze shingo. Nijibu kwa mdomo tu.” Akaniuliza kama nahisi vidole vyangu. Akaniagiza nichezeshe miguu. Alinieleza kwamba ndani ya zile pingili mna mshipa mkuu wa fahamu, na kwamba mfupa wenye ufa unaweza kutulia bila ya madhara, lakini mtu akimnyanyua majeruhi ovyo, mfupa unaweza kuhama na kuukandamiza mshipa ule, naye asitembee tena. Alisema hayo kwa upole, kama anayesoma kitabu, wala hakuitaja ile siku ya baiskeli. Hakuwa na haja. Nikiwa nimelala pale, kichwa changu mikononi mwa mwanangu, niliielewa kimya ya daktari. Na nilimwona mwenzetu wa Forodhani, tukimburuta ngazini, na kichwa chake kikitikiswa. Sitajua mpaka siku ya kufa kwangu kama ni jiwe lililomvunja au ni sisi.

Tangu usiku ule nimeiangalia kazi hii kwa jicho lingine. Mafunzo yake kwa kawaida huzidi saa 150, na humo hufunzwa kuzuia damu, kufunga banzi kwenye mfupa uliovunjika, kutambua kiharusi, kumzalisha mama ambaye hakuwahi kufika hospitali, na kushindilia kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama. Nimewauliza wale vijana watatu kwa nini wao, watu wa kuruka na kuteleza, wameipenda. Mmoja alinijibu kwamba anayeruka huzoea kuwa na akili timamu wakati moyo unapiga mbio, na kwamba kipaji hicho hakina faida kubwa akikitumia kwa nafsi yake tu. Wahenga walisema ajali haina kinga. Ni kweli, lakini aliyekwisha kupatwa na ajali bado anamhitaji mtu ajuaye la kufanya.

Tuliliona hilo sote katika dhoruba ya Desemba 2022. Kwa saa nyingi magari ya wagonjwa na ya zimamoto hayakuweza kupita katika mitaa ya Buffalo, na katika wilaya yetu ya Erie walikufa watu zaidi ya 40. Wakati huo raia wenye pikipiki za theluji, ambazo siku nyingine ni vyombo vya mchezo tu, walijitolea kubeba watu. Mchezo tuliouita upuuzi uligeuka kuwa njia pekee.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii si ya watu kama sisi. Nawakumbusha habari ya Pittsburgh. Hadi miaka ya 1960 wagonjwa wengi nchini humu walichukuliwa na magari ya polisi au ya wazikaji, bila ya tiba njiani. Mwaka 1967, katika mtaa wa watu weusi uitwao Hill District, ilianzishwa huduma ya Freedom House. Daktari Peter Safar aliwafunza vijana weusi, wengi wao wakiwa hawana kazi, nao wakawa miongoni mwa wa kwanza katika Marekani kutoa tiba ya hali ya juu ndani ya gari. Huduma yao ilifungwa mwaka 1975, lakini njia waliyoipasua ndiyo inayofuatwa hadi leo.

Yapo pia maswali ya dini, nami nimeyauliza. Je, kijana wetu atamgusaje mwanamke asiye maharimu yake? Sheikh niliyemwendea alinijibu kwamba dharura ina hukumu yake, na akanikumbusha aya ya 32 ya Surat al-Maida jinsi inavyolitukuza jambo la kuokoa uhai wa nafsi moja. Akaongeza kwamba kama tunawaonea haya mama zetu, basi na tuwasomeshe binti zetu kazi hiyo. Nimeona ni neno la haki. Bibi wa Kiswahili aliyeanguka jikoni, asiyejua Kiingereza, hana faraja kubwa kuliko kusikia, “Shikamoo bibi, unaumwa wapi?”

Kabla sijaaga, mwanangu amenituma mambo matatu. La kwanza, aliyeanguka kwa kishindo msimwinue wala msimketishe, isipokuwa pana moto, maji au gari linalomjia. Mshikeni kichwa kitulie na mwambieni asijigeuze. La pili, pigeni 911 upesi, na mkishindwa lugha semeni “Swahili,” kwani vituo vingi vina njia ya kumwita mkalimani kwa simu; bili hulipwa kidogo kidogo, lakini shingo hainunuliwi. La tatu, mtu mzima asiyejibu wala kupumua kama kawaida, shindilieni katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 au kuzidi kidogo, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wala msiache mpaka msaada ufike.

Sitawadanganya kwamba hofu imenitoka. Mwanangu bado anaruka, na sasa usiku mwingine huondoka na begi lake kwenda zamu, barabara ikiwa imeganda. Lakini simpigii tena kelele mlangoni. Humuuliza tu, kama wakubwa wetu walivyotuuliza ukutani Forodhani, “Maji yakoje?” Naye hujibu, “Nimekwisha kuyatazama, baba.” Kisha mimi humwombea dua na kurudi ndani.